Kifungo cha Koti la Bi Jolan

Wakio mwanangu,

Umetoka kwenda kuagana na wenzako, ukasema utarudi kabla ya chakula cha jioni. Nakujua. Utarudi chakula kikishalala. Kwa hiyo nimepata nafasi, nimekaa mezani jikoni upande wako, ule unaotazama reli, na jua la huku kwetu Fridley bado liko juu ya mabehewa ya mizigo. Masanduku yako yako mlangoni. Nimeyasogeza mara kadhaa bila sababu.

Sitakuandikia habari za soksi nzito, wala namna ya kupika sukuma isitoe maji, wala kufunga mlango ukiingia kulala. Hayo nimekuimbia miaka yote na umeyasikia kwa sikio moja. Habari za kanisa nimemwachia Mama Kevo wa Woodbury, ambaye amekuandikia ujumbe kwenye simu wenye mistari mingi ya Biblia kuliko Biblia yenyewe. Mimi naandika kwa Kiswahili, na utanisamehe kwa kukusumbua kusoma polepole, kwa sababu nikisema Kiingereza mimi huwa mtu mpole sana, na leo sitaki kuwa mpole.

Nina uchungu, Wakio. Nauandika hapa juu kabisa ili usije ukautafuta katikati ya mistari. Kesho asubuhi nakupeleka kituo cha basi, unakwenda Chicago kusomea uigizaji, na umeniambia nisije kukuona jukwaani. Umeniambia mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa umekasirika, nikasema ni hasira, itapita. Mara ya pili ni wiki hii, ulikuwa unakunja nguo umetulia kabisa, ukasema, "Mom, nikipata role huko, please usikuje. Nitakutumia video." Nikakujibu, "Sawa." Haikuwa sawa. Nilikwenda bafuni nikafungua maji yamwagike tu.

Wewe ulimjua Bi Jolan kama yule mzungu mzee wa Mama, yule wa Saint Paul, niliyekuwa namwogesha na kumpikia. Hukuwahi kuuliza zaidi, nami sikukulaumu, kwa sababu kazi yangu haikuwahi kuwa hadithi ya kusimulia mezani. Lakini mambo yaliyotupata mimi na wewe alikuwa ameshanisimulia yeye kabla hayajatokea, nami nikiwa nampaka mafuta miguuni nilisikiliza nikaitikia "pole" na sikuelewa hata moja. Ndiyo maana nataka umjue.

Siku ya kwanza nilipopanda ngazi zake nilikuwa nimetoka shifti ya usiku mahali pengine. Nilitabasamu kama tunavyofundishwa. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha mikono, nywele zimesukwa na kuzungushwa kichwani, akanitazama kuanzia viatuni kwenda juu. Akaniuliza, "Umewahi kuigiza?" Nikasema hapana. Akasema, "Unaigiza sasa hivi. Unaigiza mwanamke aliyefurahi kuja kazini. Ni vizuri, lakini macho hayajaambiwa." Nilimchukia siku nzima.

Alikuwa amezaliwa Hungaria, kwenye mji mdogo wa tambarare, binti wa fundi viatu. Alipokuwa msichana tu walimchukua katika jumba la maigizo la mji wao, si kuigiza, bali kumsaidia mnong'onezaji. Kwao jukwaa lilikuwa na kijishimo kule mbele, kimefunikwa juu kama kibanda cha kuku, na ndani alikaa mtu mwenye kitabu cha mchezo. Mwigizaji akisahau maneno, yule wa shimoni anamnong'oneza, na watazamaji wasijue. Mnong'onezaji wao alikuwa mama mzee mwenye kikohozi, na kikohozi kikimshika, Jolan ndiye aliyesoma. Kichwa chake kilikuwa sawa na viatu vya waigizaji. Alisema aliwajua wote kwa soli zao, nani anakanyaga upande, nani ana deni kwa baba yake fundi viatu na hamlipi. Kulikuwa na mwanamke mmoja, nyota wa mji, mwenye viatu vya kijani, na Jolan alihifadhi kila neno la mwanamke yule mpaka akawa analiota.

Siku walipompa naye nafasi ndogo, ya mtumishi anayeleta chai na kusimama, aliharibu. Alisimama na sinia yake, na wenzake walipokuwa wanasema, midomo yake nayo ilikuwa inakwenda. Alikuwa anawanong'oneza watu wote maneno yao bila kujijua. Watazamaji wakaanza kucheka. Mchezo ulikuwa wa huzuni.

Mwongozaji wao, mzee asiyekuwa na maneno mengi, alikata kifungo kwenye koti lake mwenyewe akamwambia akiweke chini ya ulimi kila mwenzake anaposema. Zamu yake ikifika, akisukume shavuni, aseme, kisha akirudishe. Siku akikimeza au kikianguka, arudi shimoni. Alikaa nacho msimu mzima. Alisema kifungo ndicho kilichomfundisha kazi, kwamba kusema hata kasuku anaweza, lakini kumwacha mwenzako aseme, na ukae hapo unamtazama huku unajua kila neno lake, hiyo ndiyo kazi.

Mimi nilikuwa natafuta soksi zake nyingine wakati ananiambia hayo. Nikasema, "Mmh."

Baada ya msimu ule Jolan akapanda daraja. Akaenda Budapest, kwenye jumba kubwa, akafanya na filamu chache za rangi nyeusi na nyeupe. Katika moja anakimbia kando ya treni amevaa koti refu jeusi, halii, anakimbia tu, na wasichana wa nchi nzima wakaanza kutafuta koti la namna ile. Kwao watu wakifurahishwa sana hawaishii kupiga makofi ovyo, wanaanza ovyo halafu makofi yote yanaingia pigo moja, jumba zima, kama watu wanaotwanga kinu kimoja. Alipata makofi hayo. Akiyasimulia alikuwa anagonga mkono wa kiti, taratibu, na mimi nilizoea kupika kwa pigo hilo.

Halafu watu wa mji wakainuka, vifaru vikaja, majumba ya maigizo yakafungwa. Mumewe alikuwa fundi wa sauti na alikuwa ametangaza kitu redioni asichotakiwa kutangaza. Wakavuka mpaka kwa miguu, wakati wa baridi, kwenye matete, na yeye amevaa lile koti la kwenye filamu. Wakafika Amerika. Akaenda kule wanakotengenezea sinema akiwa na picha zake mkobani, akidhani picha zinajieleza. Wakampenda uso. Kisha akafungua mdomo.

Unajua kilichompata, Wakio, kwa sababu kinanipata mimi kila nikipiga simu ya bima. Walimpa kuwa mpiga ramli. Walimpa kuwa mke wa jasusi, mwenye sentensi mbili. Mara moja alipewa kuwa mke wa tajiri mkubwa, akafurahi, kumbe yule mama anawekewa sumu kwenye chakula cha kwanza kabla hajasema kitu. "Nilikufa vizuri sana," aliniambia. "Hakuna aliyekufa kama mimi." Mumewe akapata kazi ya kiwanda Saint Paul, wakaja huku kwenye theluji, na mwanamke aliyepigiwa makofi ya kinu akasimama miaka kwenye duka la katikati ya mji akiuza glavu. Wahungaria wa hapa walikuwa na michezo yao kwenye ukumbi wa kanisa. Akaigiza hapo, kwa watu walewale, mwaka kwa mwaka, viti vikipungua.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo nilipokuwa kiziwi.

Alikuwa na binti, Kati, mzaliwa wa Saint Paul. Mtoto aliyezaliwa na Kiingereza mdomoni, hana lafudhi ya kumzuia popote. Jolan akaona Mungu amemrudishia jukwaa lake. Akamfundisha kusimama, kutembea, kupumua, akampeleka kila mahali palipokuwa na mchezo wa watoto, na kila mchezo alikaa kiti cha mbele. Ule ugonjwa wake wa zamani ukarudi. Midomo ikaanza kwenda. Kisha sauti. Siku moja Kati, msichana wa umri wako, akiwa katikati ya mchezo aliacha, akaja mpaka ukingoni mwa jukwaa, akamwambia mama yake mbele ya watu wote, "Basi panda wewe." Akatoka kwa mlango wa nyuma. Hakurudi jukwaani tena, na hata nyumbani hakukaa sana. Yuko Arizona. Alikuwa anapiga simu Jumapili, na simu zenyewe fupi.

Unajua mimi nilimjibu nini Bi Jolan aliponieleza hayo, mara ya kwanza na hata ya pili? Nilimwambia, "Watoto wa huku hawana adabu." Nikamfunika blanketi.

Labda nirudi nyuma kidogo, kwa sababu mimi sikujifunza kunong'oneza kwake. Nilikuja na ugonjwa huo kutoka nyumbani.

Nilikuacha Voi kwa nyanya yako ukiwa bado hujui kufunga viatu. Nilisema ni mwaka mmoja, karatasi zikawa zinazunguka, ukaota meno ya pili mimi nikiwa huku. Nilikuwa nakupigia simu kutoka kwenye gari, kwenye maegesho ya kazini, na nilikuwa nasikia nyuma yako sauti ya nyanya, chini chini, "Sema umemmiss. Sema unasoma vizuri. Sema asante kwa viatu." Nawe unasema, neno kwa neno, kwa kasauti kale. Nilijua. Kila mama aliye huku anajua. Lakini nilikula maneno yale kwa sababu hayakuwapo mengine, nikawa naingia kazini nimeshiba.

Na ulipofika uwanja wa ndege, watu wa kanisa wamekuja na maua na kitambaa kilichoandikwa jina lako, ulisimama na yule mhudumu wa ndege aliyekushika mkono ukanitazama kama mtu anayesoma bango. Nikapiga magoti nikakuvuta. Na nikakunong'oneza sikioni, "Sema nimefurahi kukuona, Mama." Ukasema. Watu wakapiga picha. Picha ile iko sebuleni mpaka leo, na kila mgeni huisifu, na hakuna anayejua kwamba mdomo wangu pale uko sikioni mwako kwa sababu nakupa maneno.

Kuanzia hapo sikuacha. Msalimie auntie. Sema shikamoo. Sema asante. Waambie uko gredi gani. Mwambie Mama Kevo unataka kuwa nurse. Nawe ukasema unataka kuwa nurse, miaka, mpaka siku ile ulipomwambia Mama Kevo, na sahani ya pilau mkononi, kwamba unataka kuwa mwigizaji. Mama Kevo akanitazama mimi, si wewe. Akasema, "Aki huyu, ni nani amemwambia hivyo?" Kwa sababu ilijulikana kwamba wewe husemi kitu usichoambiwa. Nilikasirika wiki nzima na sikujua nimemkasirikia nani.

Lakini nikageuka. Hilo nalo ulikumbuke. Walipokupa kuwa yule mke katika mchezo wa shule uliotungwa na mwalimu wenu, nilikusaidia. Wewe ukisema maneno ya mke, mimi nikisoma ya mume, kwenye gari, kwenye foleni ya duka la Frogtown tukinunua unga, hapa jikoni nikikaanga vitunguu. Ulikuwa unacheka ninavyosoma ya mume. Sijawahi kuwa na furaha nchi hii kuliko majuma yale, na naliandika hilo ingawa linaniuma.

Na huku kwa Bi Jolan nako nilikuwa nanong'oneza. Akili yake ilikuwa imeanza kumwacha. Kiingereza kilitangulia kuondoka, kikafuata kujua siku. Lakini nikimwogesha, maji ya moto yakimpata mgongoni, alikuwa anaanza maneno fulani ya Kihungaria, marefu, kwa sauti ya jukwaani, mkono umenyooshwa na povu linadondoka. Yalianza na "nevari, nevari." Akifika katikati anapotea, analia kama mtoto aliyepotezwa sokoni. Basi nikayashika kwa masikio. Sikujua maana hata ya neno moja, lakini nikawa nayajua yote, na akipotea namnong'oneza linalofuata, naye analidaka na kuendelea. Kihungaria changu cha kuogeshea. Niliona fahari. Nilijiambia mimi ndiye ninayemshikia maisha yake asiyadondoshe.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa siku ya mchezo wako. Mtu mwenye midomo iliyozoea.

Nilikaa kiti cha mbele. Nilikuwa nimevaa kitenge kipya na nilikuwa nimemwambia kila mtu. Ulipoingia sikukujua, Wakio. Naapa. Aliingia mwanamke mzima, amechoka, nikageuka kumwuliza jirani ni nani huyu. Halafu yule mume anarudi baada ya miaka, anasimama mlangoni na mzigo wake, anakuuliza kama umemsamehe. Nawe ulitakiwa useme, "Kaa. Chakula kinapoa." Ulikuwa umeyasema mara mia hapa jikoni, moja kwa moja, bila kusubiri.

Hukusema. Ulimtazama. Ulishika kitambaa cha meza. Ukumbi ukawa kimya, kisha ukawa kimya zaidi. Niliona umesahau. Niliona mtoto wangu amesimama mbele ya wazungu wote wale hana neno, na hakuna nyanya nyuma yake. Nikalisema. Sikunong'oneza hata, nililisema kwa sauti, kwa Kiingereza changu cha Taita, kutoka kiti cha mbele, "Sit down, the food is getting cold."

Watu walicheka. Si kwa ubaya, walicheka kama wanavyocheka jambo la kupendeza, na hiyo ni mbaya zaidi. Yule kijana mume naye akacheka. Wewe hukucheka. Ulinitazama mara moja tu, kisha ukalisema neno lako, lililokwishasemwa, na mchezo ukaenda mpaka mwisho, na makofi yakapigwa.

Mwalimu wako alinikuta mlangoni akaniambia kwa upole kwamba kimya kile mlikuwa mmekitengeneza pamoja kwa wiki nyingi, mkakificha kwa familia ili kiwashangaze. Aliniambia ni kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kuona mwanafunzi akifanya. Nikamwambia asante.

Tuliingia kwenye gari, tukapita mto. Kisha ukasema, "Maneno nilikuwa nayo, Mom. I had them." Nami, badala ya kukaa kimya hata mara moja katika maisha yangu, nikasema maneno ambayo nayasikia kila nikishika usukani. Nilisema, "Nimeosha wazungu makalio miaka yote hii ili wewe usimame pale, na leo mimi ndiye aibu yako?" Ulifungua mlango gari halijasimama vizuri. Hapo ndipo uliposema nisije tena.

Sikuombi unisamehe. Mimi mwenyewe sijamaliza kukasirika, na sehemu ya hasira hiyo nakukasirikia wewe, kwa sababu ulikificha kile kimya. Ulinipa kusoma ya mume majuma yale yote na hukuniamini na kitu kimoja kizuri ulichokuwa nacho. Halafu nafikiri, ungeniambia ningefanya nini? Ningekuambia ukifupishe. Kwa hiyo ulikuwa na haki, na haki yako haiponyi kitu hapa kifuani.

Kesho yake nilikwenda kazini nikamwambia Bi Jolan. Sikuwa namwambia yeye hasa, nilikuwa naliambia sinki. Lakini ilikuwa mojawapo ya zile siku ambazo akili ilimrudia saa nzima. Akaniita, akasema nimletee kopo la nyuzi. Akapekua kwa vile vidole vyake, akatoa kifungo kikubwa cheusi. Kilikuwa cha lile koti la kwenye filamu, koti lenyewe lilishaliwa na nondo zamani. Akakifuta kwenye nguo yake, akaniambia, "Fungua." Kama ninavyomwambia mimi nikimpa dawa. Nikafungua, Wakio. Akakiweka chini ya ulimi wangu, akanishika kidevu akaufunga mdomo wangu. Akasema, "Mimi cha kwangu nilikitoa mapema mno." Kisha akatazama dirishani na alipogeuka alinisalimia kwa Kihungaria, akiniita Kati.

Alikufa Juni, unakumbuka, wiki ya mahafali yako. Nilikwenda mazishi peke yangu kwa sababu hukuwa unapanda gari langu bila sababu. Ukumbi ule wa kanisa, wazee wachache wenye fimbo. Kati alikuwa amekuja kutoka Arizona, mwanamke wa nywele nyeupe, na uso uleule. Nilitaka kumpa kitu. Kwa hiyo nilimweleza kwamba mama yake aliigiza mpaka mwisho, kwamba nilikuwa namshikia maneno, nikamsemea yale ya bafuni kuanzia "nevari" mpaka tamati. Alinisikiliza amenikazia macho. Akaniuliza nimejifunza wapi. Nikamwambia. Akakaa chini kwenye kiti cha plastiki.

Akasema hayo hayakuwa maneno ya mama yake. Yalikuwa ya yule mwanamke wa viatu vya kijani. Mama yake hakuwahi kupewa kuyaigiza hata siku moja, aliyanong'oneza tu kutoka shimoni akiwa msichana. "Nevari," akaniambia, maana yake ni usinisubiri. Nafasi zake zote, Budapest, yale makofi, ile filamu, vyote vilikuwa vimemtoka, na kilichobaki mwishoni kilikuwa maneno ya mtu mwingine. Na mimi nilikuwa namsaidia asiyasahau.

Nilimwuliza Kati swali moja, kwa sababu yako. Nilimwuliza mama yake angefanya nini ili yeye arudi. Hakufikiri sana. Akasema, "Kila Jumapili nikipiga simu nilikuwa nanyamaza kidogo mwanzoni, nione kama ataniacha niseme. Hakuniacha hata mara moja."

Nilirudi Fridley nikaendesha polepole mpaka wenye haraka wakanipigia honi. Nilikuwa nawaza kwamba mimi nami nitazeeka, atakuja msichana wa watu kuniogesha, maji ya moto yatanipata mgongoni, na nitaanza kusema. Na hayatakuwa maneno yangu. Yatakuwa "Kaa, chakula kinapoa." Maana ya kwangu sijui hata ni yapi. Tangu nilipovuka kuja huku sijakaa nikayatafuta, nilikuwa na kazi ya kukupa wewe ya kusema.

Basi umesema nisije, na sitakuja. Naliandika hapa ili uwe nalo kwa mwandiko wangu. Sitapanda basi kwa siri nikakaa nyuma na miwani ya jua kama Mama Kevo anavyonishauri. Hiyo video, ukitaka tuma, usipotaka usitume. Sipendi. Nitakuwa nalia hapa jikoni siku utakayokuwa unapigiwa makofi na watu ambao hawakujui hata jina la pili, na nitawaonea wivu mpaka nitapike. Lakini sitakuja mpaka useme njoo, na neno hilo sitakupa mimi.

Jambo moja tu la kesho. Kwenye gari, na pale kituoni, utaona sisemi. Sitakuombea kwa sauti mbele ya dereva, sitakukumbusha chaja, sitakuambia mwambie Mama kwaheri. Usidhani nimenuna. Kifungo cha Bi Jolan kitakuwa chini ya ulimi wangu. Nimekuwa nikifanya mazoezi nikiwa peke yangu, na nakwambia ni kazi ngumu kuliko kuosha watu. Ukiwa na kitu cha kusema, nafasi ni yako, chukua muda utakao, basi lisubiri. Na ukinitazama tu usiseme, kama ulivyomtazama yule mume, mimi nitakuwa nimesimama palepale nakutazama, na safari hii nitajua kwamba hukusahau.

Nasikia mlango wa chini. Ni wewe, unakanyaga upande wa kisigino, nakujua kwa soli. Kifungo kiko mdomoni. Nakunja karatasi hii naiweka juu ya sanduku lako.

Chakula kimepoa, nami sisemi.

Mama yako, wa kiti cha mbele